Moto Usio na Moshi: Usafi na Usalama wa Hita ya Gesi Nyumbani

Miaka 12 iliyopita, nikiwa daktari wa zamu katika hospitali moja ya wilaya kwenye Nyanda za Juu Kusini, nilimpokea mama mwenye ujauzito wa miezi sita aliyelalamika kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa nguvu miguuni. Alifuatana na mtoto wake wa miaka minne ambaye alikuwa ametapika mara mbili alfajiri ile. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo majani ya uwanda wa Kitulo huamka yamefunikwa na sakitu, na watu wa Makete na Njombe hufunga milango mapema kabla jua halijazama.

Kipimo cha malaria hakikuonesha vimelea. Hakuna kati yao aliyekuwa na homa. Kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni kilisoma asilimia 98. Nilidhani wamekula chakula kilichoharibika, nikaandika dawa ya maumivu na ya kuzuia kutapika, kisha nikawaruhusu warudi nyumbani. Kabla ya kuondoka mama yule aliniambia kwamba tangu aketi kwenye benchi la nje kichwa kilikuwa kimeanza kupoa chenyewe. Nilifurahi kusikia hivyo. Leo najua kwamba sentensi ile ndiyo iliyokuwa utambuzi wa ugonjwa, nami niliipita.

Waliletwa tena usiku uliofuata, mama akiwa hajitambui. Muuguzi mkunga wa zamu, mtu mzima aliyezaliwa na kukulia kwenye baridi ile, hakuuliza habari za chakula. Alimgeukia mume akamwuliza, "Baba, mlilala na moto gani ndani?" Mume akajibu kwamba hawakulala na jiko. Walikuwa na hita ya gesi, waliyoinunua mjini ikiwa imekwisha kutumika, majuma matatu yaliyopita. Waliacha mkaa, alisema, kwa sababu waliambiwa kwamba mkaa unaua.

Tulimpa mama oksijeni, akazinduka kabla ya mapambazuko. Mtoto wa miaka minne alipona. Mtoto aliyekuwa tumboni hakupona.

Siku chache baadaye mume aliileta hita ile hospitalini, nasi tukamwomba fundi wetu wa vifaa aifungue uani. Bomba fupi ambamo gesi huchanganyika na hewa lilikuwa na utando wa buibui, na juu ya utando huo vumbi lilikuwa limeshikamana kama pamba. Vigae vya kauri vilikuwa na masizi. Aidha, vali ya usalama, ambayo huizima hita pale oksijeni ya chumba inapopungua, ilikuwa imefungwa makusudi isifanye kazi. Aliyewauzia aliwaambia kwamba hita hiyo "ilikuwa na tabia ya kujizimazima", naye akairekebisha.

Gesi ya mitungi tunayoitumia majumbani ni mchanganyiko wa propani na butani. Ikipata hewa ya kutosha huungua na kutoa mvuke wa maji, joto na hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Hewa ikipungua, ama kwa sababu chumba kimefungwa, ama kwa sababu njia ya hewa ndani ya hita imezibwa, mwako haukamiliki, na badala yake hutoka monoksidi ya kaboni. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Gesi iliyomo mtungini huongezwa harufu kali kiwandani ili ikivuja ijulikane, lakini harufu hiyo huungua pamoja na gesi. Kwa hiyo pua inayotegemewa kugundua uvujaji haina msaada wowote dhidi ya mwako mbovu. Nimekutana na wengi wanaoogopa mtungi kulipuka na kuukagua kila siku, huku hita yenyewe haijafutwa vumbi tangu inunuliwe.

Ndani ya mwili, monoksidi ya kaboni hushika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kiasi kidogo tu katika chumba huweza, kwa saa za usingizi, kuteka sehemu kubwa ya damu. Mskoti John Scott Haldane aliivuta mwenyewe katika majaribio yake, miaka ya 1890, ili ajue inavyowaua wachimba migodi, na ndiye aliyependekeza wanyama wadogo wapelekwe migodini, kwa kuwa huanguka kabla ya binadamu. Nyumbani mwetu wanyama hao wadogo ni watoto, na aliye mdogo kuliko wote ni yule aliye tumboni, ambaye himoglobini yake huishika hewa hii na kuchelewa kuiachia.

Kabla ya msimu wa baridi

Hita isafishwe mwezi wa Aprili au Mei, kabla haijaanza kutumika, kwa sababu miezi ya kukaa stoo ndiyo inayoijaza vumbi na wadudu. Buibui hupenda sana vijitundu vya mitambo ya gesi. Funga vali ya mtungi, subiri hita ipoe kabisa ikiwa ilikuwa imewashwa, uitenganishe na mtungi, kisha uitoe nje penye mwanga. Kwa brashi laini na kavu, kama ile ya kupakia rangi, pangusa vigae vya kauri, wavu wa mbele na matundu yote ya kuingizia hewa, nyuma na chini. Usitumie maji wala sabuni kwenye vigae. Kauri hunyonya maji na kupasuka inapopata moto. Kigae chenye ufa hakigundishwi, hubadilishwa.

Hapo ndipo kazi ya mwenye nyumba inapokoma. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona watu makini wakiharibu hita kwa kuisafisha. Tundu linalotoa gesi limepimwa kwa usahihi mkubwa. Ukilichokonoa kwa sindano au waya linapanuka, gesi inatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuichoma, na umejitengenezea sumu kwa mkono wako mwenyewe. Bomba la kuchanganyia hewa, tundu la gesi, moto mdogo wa kuwashia na vali ya usalama ni vya fundi aliyesomea vifaa vya gesi, naye aitwe angalau mara moja kwa mwaka. Fundi akikuambia ataondoa kifaa kinachoizima hita ili isikusumbue, mlipe nauli yake aende. Hita inayojizima mara kwa mara inakupa taarifa juu ya chumba chako au juu ya uchafu wake. Hata hivyo, vali hiyo nayo isiaminiwe kupita kiasi: inapima upungufu wa oksijeni, haipimi monoksidi ya kaboni.

Mpira wa gesi ukunjwe kidogo kwa vidole ili nyufa zionekane. Mipira mingi huwa na tarehe iliyochapwa. Ikipita, ubadilishwe hata kama unaonekana mzima. Regyuleta iwe ya shinikizo dogo, ile ya matumizi ya nyumbani; ya shinikizo kubwa, inayofungwa kwenye majiko ya mama lishe na ya migahawa, isifungwe kwenye hita hata kwa usiku mmoja. Ukishaunganisha, paka povu la sabuni kwenye maungio yote na ufungue vali ya mtungi. Mapovu yakichipuka, pana uvujaji. Hakuna sababu yoyote ya kupima kwa kibiriti. Mtungi usimame wima wakati wote, maana ukilazwa gesi hutoka ikiwa kimiminika. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni, chini ya vitanda. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua milango, toeni watoto nje, wala usiguse swichi ya taa, si kuiwasha wala kuizima.

Washa hita kwa mara ya kwanza ukiwa nje au mlangoni, uitazame kwa dakika kumi. Vigae viwe vyekundu vya chungwa kwa usawa, bila mabaka meusi. Kwenye hita za mwali wa wazi, mwali uwe wa buluu na utulivu. Mwali wa njano unaonyooka na kulamba wavu, masizi ukutani, au moto unaopumua kwa kupanda na kushuka, vyote ni sababu ya kuizima na kutoiwasha hadi fundi afike. Mwali mzuri, hata hivyo, haukupi ruhusa ya kufunga dirisha.

Hili la dirisha ndilo gumu kuliko yote, nami siwalaumu wagonjwa wangu. Mtu amenunua gesi kwa fedha nyingi ili apate joto, kisha daktari anamwambia aache upenyo baridi iingie. Lakini hita ya mtungi haina bomba la kutolea hewa nje. Kila inachokizalisha hubaki chumbani nanyi. Matundu ya hewa ya ukutani yasizibwe kwa matambara wala nailoni, na dirisha liachwe wazi kwa upana wa vidole viwili au zaidi. Vioo vikilowa maji kwa ndani, yale ni maji yaliyotokana na gesi kuungua, na yanakuonesha kwamba hewa haizunguki. Pasha chumba joto jioni, kisha uzime hita na ufunge mtungi kabla ya kulala. Iliyosafishwa jana na iliyokaguliwa leo, zote huzimwa. Kwa wenye hita za gesi za kupashia maji ya kuoga, mashine isifungwe ndani ya bafu, na bomba lake la moshi likaguliwe kila mwaka, kwa kuwa ndege hujenga viota humo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo, na kwa mtu anayetibu mapafu ya akina mama hiyo ni habari njema. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari zaidi ya gesi, na sitaki msomaji yeyote aurudie kwa sababu ya makala haya. Ninachokiona ni kwamba mitungi inaingia majumbani kwa kasi kuliko maarifa yake, na jina "safi" linawafanya watu wasahau vumbi.

Kwa wenzangu walio zamu

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu bila homa, hasa katika msimu wa baridi, yasifunguliwe faili bila swali la mkunga yule. Uliza walilala na moto gani. Uliza kama wengine nyumbani wanaumwa, na kama paka au mbwa aliyelala ndani amelegea. Uliza kama hali hupoa wanapotoka nje na kurejea wanaporudi. Usidanganywe na kifaa cha kidoleni: kile cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na monoksidi ya kaboni, hivyo kitasoma 98 kwa mtu anayekufa. Wala usisubiri ngozi iwe nyekundu kama vitabu vinavyosema; hiyo huonekana zaidi kwa maiti.

Hospitali nyingi hazina kipimo cha kaboksihimoglobini. Dhana inatosha kuanza tiba. Mpe mgonjwa oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko. Akivuta hewa ya kawaida, damu huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya sumu. Akivuta oksijeni tupu, ni saa moja na zaidi kidogo. Mjamzito apewe kwa muda mrefu kuliko ule ambao hali yake mwenyewe ingedai, kwa sababu mtoto huchelewa kusafika. Wote waambiwe warudi kukaguliwa baada ya majuma kadhaa, kwani kusahau, kubadilika tabia na kuyumba katika kutembea huweza kujitokeza baada ya mgonjwa kuonekana amepona.

Na kabla hujamaliza kufunga barakoa, mwulize aliyemleta ni nani amebaki nyumbani. Usiku ule mume alikuwa ameacha hita ikiwaka, na mdogo wake wa kike alikuwa amelala chumba cha pili. Mkunga ndiye aliyempokonya simu na kupiga. Ililia mara nyingi kabla haijapokelewa.