Kukichagua Chama cha Magari Yaendayo Kasi

Barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92, na tangu ilipokamilika imekuwa neema kubwa kwa wafanyabiashara, wagonjwa na wanafunzi wa Nile Magharibi. Lakini imekuwa pia kishawishi kwa vijana waliojaaliwa kununua Subaru au Mitsubishi zenye injini za turbo, ambao huziona zile sehemu zilizonyooka wakadhani kwamba zimetandikwa kwa ajili ya kupimia kasi. Barabara hiyo ni ya umma. Humo hupita mama mwenye kapu la mihogo kichwani, watoto watokao shule, boda boda iliyopakia abiria wawili, na malori marefu yaendayo Sudan Kusini na Kongo. Na dereva akimbizaye gari kwa kilomita 140 kwa saa katikati ya watu hao huwa amewatia katika hatari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiridhia. Mwenye shauku ya kasi, na shauku hiyo si dhambi, hana budi kuipeleka mahali palipofungwa, chini ya watu wanaojua kuisimamia. Na kwa sababu hiyo nimeona yafaa kumweleza msomaji aliye Ajia, Arua au Koboko namna ya kukichagua chama cha magari kinachoandaa siku za mazoezi ya uwanjani.

Siku ya uwanjani si mashindano. Madereva hugawanywa katika makundi kwa kadiri ya ujuzi wao, kila kundi huingia kwa zamu, aghalabu kwa dakika 20 hivi, wala hakuna kikombe anachopewa aliyewatangulia wenziwe. Vyama vingi vya Ulaya hukataza hata kupima muda wa mzunguko, kwa kuwa saa ikishashikwa, mazoezi hugeuka mbio. Kinachotafutwa ni dereva kuijua tabia ya gari lake pale breki zinapokanyagwa kwa nguvu zote, pale tairi zinapoanza kuteleza katika kona, na pale yeye mwenyewe anapoanza kuchoka bila kufahamu kwamba amechoka. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalohitaji jicho la mtu mwingine aliyeketi kiti cha kushoto.

Kwetu Afrika Mashariki viwanja vya namna hii ni haba. Ujerumani ina Nürburgring, ambao njia yake ya kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 1927, ina kilomita 20 na ushei na huwaruhusu raia kuingia na magari yao kwa kulipa ada. Na Waswahili walioko Ghuba wana uwanja wa Dubai uliofunguliwa mwaka 2004 na ule wa Yas Marina, Abu Dhabi, wa mwaka 2009. Uganda tunayo Busiika, kaskazini mwa Kampala, na Garuga, upande wa Entebbe, viwanja vya vumbi vilivyozoea pikipiki za motokrosi. Mwenye kutamani lami aghalabu huelekezwa Kenya, mwendo upitao kilomita 1,000 kutoka Arua. Hata hivyo vumbi lisidharauliwe, kwani kwenye vumbi gari huanza kuteleza kwa mwendo mdogo, na mwanafunzi hujifunza kulirudisha njiani ilhali kosa lake bado lina gharama ndogo.

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Mwaka 1953 mashindano ya Safari yalipoanzishwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na mwaka 1975, wakati wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, Idi Amin, ambaye asili yake ni ya huku Koboko, alishiriki mbio za magari akiwa katika Citroën. Charles Muhangi alikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1999, na Susan Muwonge akatwaa ubingwa wa taifa mwaka 2011, akawaonyesha wanaume wengi vumbi lake. Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda Safari mara tano. Ushindi wake wa kwanza, wa mwaka 1973, aliupata katika Datsun 240Z baada ya kulingana kabisa kwa pointi za adhabu na Harry Källström wa Sweden. Waamuzi wakatazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata doa la kwanza, na kwa kipimo hicho Mehta akapewa kikombe. Chama chema humfundisha dereva wake utulivu wa namna hiyo kabla ya kumfundisha jambo jingine lolote.

Vyama utakavyovikuta ni vya tabia mbili. Kuna vile vya wenye magari ya aina moja, ambao hukutana Jumapili, hupiga picha, husafiri kwa msafara, na mara mojamoja hukodi uwanja. Na kuna vile vilivyo chini ya shirikisho la michezo ya magari la Uganda, lijulikanalo kwa herufi FMU, ambalo nalo ni mwanachama wa FIA, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1904. Vya kwanza vina ukarimu, na mgeni hupokelewa kwa soda na hadithi. Vya pili vina karatasi, ukaguzi, leseni na maneno makali. Kwa mtu anayekusudia kukimbiza gari, naona hivi vya pili ndivyo vya kutangulizwa, au kama moyo umependa vile vya kwanza, basi kiwe ni chama ambacho siku ya uwanjani huwaita maofisa wa FMU kuja kusimamia. Urafiki ni jambo adhimu, lakini rafiki huona haya kumwambia rafikiye kwamba gari lake halifai kuingia.

Swali la kwanza la kumuuliza katibu wa chama si bei ya kiingilio, bali ni hili: ambulansi ikiondoka kumpeleka majeruhi hospitali, magari yanaendelea kukimbia au yanasimama? Jibu la haki ni moja tu, kwamba yanasimama mpaka ambulansi ile irejee au nyingine ifike, hata kama waliolipa wataghadhibika na jua litakuchwa kabla zamu zao hazijaisha. Katibu ajibuye bila kusita, akakutajia na jina la hospitali waliyokubaliana nayo, huyo amelifikiria jambo lake. Ama yule achekaye, au asemaye kwamba kwao ajali hazijapata kutokea, muage kwa adabu uende zako. Kisha uliza watazamaji husimama wapi. Tarehe 11 Juni 1955, huko Le Mans, Ufaransa, gari moja liliruka likawaangukia watazamaji, wakafa watu zaidi ya 80, na baada ya msiba huo Uswisi ikapiga marufuku mbio za viwanjani nchini mwake. Sisi tunaojua jinsi umati unavyojipanga ukingoni mwa barabara za mashindano yetu, wengine wakiwa na watoto mabegani, hatuna udhuru wa kulipuuza swali hilo.

Baada ya hapo tazama mafunzo. Chama kinachostahili jina lake hakimruhusu mgeni kuingia peke yake: asubuhi kuna kikao ambacho asiyehudhuria haendeshi, hufundishwa humo maana ya bendera, kwamba ya manjano ni hatari iliyo mbele na hakuna kupita mwenzio, nyekundu ni kusitisha kila kitu, buluu ni kumpisha aliye nyuma yako mwenye kasi zaidi, na nyeusi ni wito wa kutoka uwanjani ukaonane na msimamizi; kisha mkufunzi hupanda gari pamoja nawe. Kupita gari jingine kwa wanaoanza huruhusiwa kwenye sehemu iliyonyooka tu, tena baada ya aliye mbele kunyoosha mkono na kuonyesha upande wa kupitia. Sheria hii huonekana ya kitoto kwa mwenye gari lenye nguvu, na ndiyo maana namna anavyoipokea hudhihirisha tabia yake. Mwulize katibu ni lini walipomfukuza mtu mara ya mwisho kwa kuivunja.

Ukaguzi wa magari uutazame kwa macho yako. Mkaguzi hodari hulipandisha gari kwa jeki, akaushika mguu wa gari juu na chini akautikisa kusikiliza kama beringi imelegea, akapitisha spana kwenye kila nati, akavuta betri kuona kama imefungwa, akapapasa chini ya injini kutafuta mafuta yanayovuja; kisha hufungua milango na kuamuru vitolewe mazulia ya miguuni, jeki, spea, na ile chupa ya maji iliyosahaulika chini ya kiti, kwa kuwa chupa hiyo gari likifunga breki kwa ghafla itabingirika mpaka chini ya pedali, na hapo breki haitashuka. Ukimwona mkaguzi akiandika namba ya gari na kubandika karatasi bila kuinama, jua kwamba hapo hapana ukaguzi. Vivyo hivyo kofia: ile ya boda boda haifai, kwani kofia ya gari hupimwa pia kwa moto na kwa kugonga vyuma vya ndani, na huwa na alama ya FIA au ya Snell yenye herufi SA.

Sasa nifikie jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita upesi na sisi wa Nile Magharibi hatuwezi kulipita. Mtu wa Kampala gari likimharibikia hulivuta hadi kwa fundi wake jioni ileile. Mtu wa Arua ana safari ya takriban kilomita 500 ya kurudi nyumbani kwa gari lilelile, avuke Karuma penye nyani kandokando ya njia, na aliendee daraja la Pakwach katika nchi ambayo ndovu huweza kuikata barabara usiku. Breki alizozichosha mchana ndizo zitakazomlinda huko. Nguvu ambayo breki lazima ziimeze huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, hata gari liendalo kilomita 140 kwa saa hubeba karibu maradufu ya lile liendalo 100, na nguvu hiyo yote hugeuka joto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa huweza kuchemka kwa nyuzi 155 tu, nayo yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kwa hiyo badilisha mafuta hayo kabla ya siku ya uwanjani, chukua pedi za akiba, na upande wa tairi soma zile tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wenye Subaru wajaze oili hadi alama ya juu, kwa maana katika kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja na pampu huweza kubaki ikivuta hewa.

Chama kinachomfaa mtu wa mbali, basi, ni kile chenye fundi uwanjani, kinachomaliza zamu za wageni wa mikoani mapema, na kinachomkataza mtu kuanza safari ndefu jioni ileile. Hilo huulizwa kwa simu kabla ya kulipa. Na bima pia iulizwe, kwa kampuni iliyoitoa, tena jibu litolewe kwa maandishi, kwani bima za kawaida aghalabu huyatenga mashindano na majaribio ya kasi.

Wako vijana huku kwetu wanaosema kwamba dawa ni kufungua chama chetu wenyewe, na mimi nawaunga mkono kwa sharti moja, nalo ni kwamba wasianze kwa kuomba kufungiwa barabara. Waende kwanza Busiika na Garuga bila magari yao, wajitolee kushika bendera na kuvuta kamba za kuwazuia watazamaji, wajue kazi hiyo ilivyo ndefu na ilivyo na jua kali. Kisha wenye magari wa Arua na wa Koboko wakae pamoja, waiandikie FMU barua moja kuomba wakufunzi waje kufundisha uokoaji na ukaguzi, na wawaendee madaktari wa hospitali ya rufaa ya Arua kuwauliza ni nini wanachohitaji kabla ya gari la kwanza kuwashwa. Barua hiyo nawasihi muiandike mwaka huu.