Fenilketonuria: Ugonjwa wa Kurithi Unaozuiwa kwa Chakula

Mwanafunzi, soma swali hili taratibu: "Ugonjwa ukishakuwa wa kurithi, hakuna kinachoweza kufanyika kuuzuia. Jadili."

Wengi hukimbilia kukubali. Wanaandika kwamba jeni haibadiliki, kwa hiyo mtoto aliyerithi ugonjwa hana la kufanya. Hoja hiyo ina kosa, na mfano mzuri wa kuionyesha ni ugonjwa unaoitwa fenilketonuria. Ndani yake utakutana na vimeng'enya, lishe, urithi, mfumo wa neva na afya ya akili, mada ambazo kwa kawaida unazisoma katika sura tofauti. Ukiuelewa vizuri, umerudia nusu ya silabasi kwa mkupuo mmoja.

Kimeng'enya kimoja kinapokosa kazi

Unapokula maharage, dagaa, nyama, mayai au maziwa, mwili humeng'enya protini na kupata asidi amino. Mojawapo ni fenilalanini. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, kwa hiyo lazima itoke kwenye chakula. Sehemu yake hutumika kujenga protini za mwili. Inayobaki hupelekwa kwenye ini, ambako kimeng'enya kiitwacho fenilalanini haidroksilesi huigeuza kuwa asidi amino nyingine, tairosini.

Tairosini nayo ina kazi zake. Hutumika kutengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi na nywele. Hutumika pia kutengeneza dopamini, kemikali inayopitisha taarifa kati ya seli za ubongo.

Mtu mwenye fenilketonuria ana kasoro kwenye jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho. Kimeng'enya kinakuwa dhaifu sana au hakifanyi kazi kabisa. Matokeo ni mawili: fenilalanini inarundikana kwenye damu, na tairosini inapungua. Kwa mtu mzima kiafya, fenilalanini kwenye damu huwa chini ya mikromoli 120 kwa lita. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huu katika hali yake kali, asipotibiwa, kiwango huvuka 1,200. Hiyo ni zaidi ya mara kumi.

Mkojo uliogeuka kijani

Mwaka 1934, nchini Norway, mama mmoja alimpelekea daktari na mkemia Asbjørn Følling watoto wake wawili, msichana na mvulana. Wote walizaliwa wakionekana wazima, kisha akili zao zikashindwa kukua. Mama huyo alikuwa ameona pia kwamba watoto wake wana harufu isiyo ya kawaida. Alikuwa amezunguka kwa waganga wengi bila kupata jibu.

Følling alipima mikojo yao kwa kloridi ya chuma, kemikali iliyotumika wakati ule kuwachunguza wagonjwa wa kisukari. Kwa kawaida mchanganyiko hubaki na rangi ya kahawia yenye wekundu, au huwa wa zambarau kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari. Safari hii uligeuka kijani kibichi. Følling hakulipuuza jambo hilo. Aliomba mikojo zaidi, akaisafisha na kuichambua hadi akaitambua kemikali iliyosababisha rangi hiyo. Ilikuwa zao la fenilalanini iliyozidi. Kisha akapima mikojo ya watu 430 waliokuwa na ulemavu wa akili, akapata wengine 8 wenye dalili hiyo hiyo.

Angalia hatua zake: aliona jambo lisilo la kawaida, akauliza swali, akapima, akarudia kipimo kwa watu wengi. Hizo ndizo hatua za uchunguzi wa kisayansi unazotakiwa kuzieleza kwenye mtihani.

Ubongo unaumizwaje?

Fenilalanini huingia kwenye ubongo kwa kubebwa na protini maalumu zilizo kwenye kuta za mishipa ya damu. Protini hizo hubeba pia asidi amino nyingine, zikiwemo tairosini na triptofani. Fikiria daladala moja inayogombewa na abiria wa vituo kadhaa. Wa kituo kimoja wakijazana mlangoni, wengine wanaachwa. Fenilalanini ikijaa kwenye damu, huchukua nafasi za wenzake. Ubongo hukosa tairosini ya kutengeneza dopamini na triptofani ya kutengeneza serotonini.

Madhara mengine huonekana kwenye mielini, ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva na kuharakisha taarifa. Mielini hujengwa kwa kasi katika miezi na miaka ya kwanza ya maisha. Fenilalanini nyingi huvuruga ujenzi huo.

Hapa kuna jambo ambalo watahini hupenda kuliuliza: kwa nini mtoto huzaliwa akiwa mzima? Jibu ni kwamba akiwa tumboni, fenilalanini inayozidi huvuka kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mama, na ini la mama huishughulikia. Kitovu kikishakatwa, mtoto hutegemea ini lake mwenyewe. Akianza kunyonya, protini ya maziwa inaingia, na fenilalanini huanza kupanda ndani ya siku chache. Asipotibiwa, baada ya miezi michache huanza kuchelewa kukaa, kutembea na kuongea. Anaweza kupata degedege. Ngozi na nywele zake huwa na rangi hafifu kuliko za ndugu zake, kwa sababu melanini ni kidogo. Wengi wasiotibiwa hubaki na ulemavu mkubwa wa akili maisha yao yote.

Kutoka kujua chanzo hadi kupata tiba

Kama tatizo ni fenilalanini kuzidi, basi ipunguzwe kwenye chakula. Wazo ni jepesi, lakini utekelezaji ni mgumu, kwa sababu karibu kila protini ya chakula ina fenilalanini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza, daktari Horst Bickel na wenzake walichukua protini ya maziwa, wakaivunja hadi kuwa asidi amino, wakaipitisha kwenye mkaa maalumu uliokamata fenilalanini. Mkaa ulikamata pia tairosini na triptofani, hivyo hizo mbili zikarudishwa baadaye. Mchanganyiko huo alipewa msichana wa miaka 2 ambaye hakuweza kusimama wala kuongea, na aliyekuwa akilia na kujigonga kichwa. Baada ya miezi kadhaa alijifunza kutambaa na kusimama, na nywele zake zikaanza kuwa nyeusi zaidi.

Ili kuhakikisha kwamba lishe ndiyo iliyoleta nafuu, madaktari walimwongezea fenilalanini bila mama yake kujua. Hali yake ikarudi nyuma haraka. Kisayansi, hicho kilikuwa kipimo linganishi chenye nguvu. Kimaadili, utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa leo bila ridhaa ya mzazi. Ukiulizwa kuhusu maadili ya utafiti, huu ni mfano wa kutaja.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1953. Hata hivyo msichana huyo hakupona kabisa, kwani ubongo wake ulikuwa umeshaumia kwa miaka miwili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lishe huzuia madhara mapya, lakini haijengi upya ubongo ulioharibika.

Tone la damu kwenye kisigino

Sasa tatizo likawa muda. Kipimo cha mkojo cha kloridi ya chuma kiliweza kuugundua ugonjwa baada ya wiki kadhaa tu tangu mtoto azaliwe, wakati kila wiki ina thamani.

Robert Guthrie, daktari na mtaalamu wa bakteria katika mji wa Buffalo nchini Marekani, alipata njia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alichukua bakteria aitwaye Bacillus subtilis na kumweka kwenye sahani yenye kemikali inayomzuia kukua. Fenilalanini ikiwepo kwa wingi, kizuizi hicho hushindwa na bakteria hukua. Damu kidogo kutoka kwenye kisigino cha mtoto hudondoshewa kwenye karatasi ya kufyonza na kukaushwa. Kipande cha karatasi hiyo huwekwa kwenye sahani. Bakteria wakikua kukizunguka, damu ina fenilalanini nyingi. Mduara ukiwa mpana zaidi, fenilalanini ni nyingi zaidi.

Kipimo kilikuwa rahisi, na karatasi iliweza kutumwa kwa posta. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuwapima watoto wote wachanga. Majimbo na nchi nyingine zikafuata. Siku hizi mashine za kisasa zimechukua nafasi ya bakteria, lakini tone la damu kavu bado lipo. Hata hapa Afrika Mashariki hutumika: watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI huchukuliwa tone la damu kwenye karatasi, ingawa maabara hutafuta vinasaba vya kirusi badala ya fenilalanini.

Nani hurithi?

Jeni husika iko kwenye kromosomu namba 12. Kasoro yake ni fifi, yaani mtu huugua akiwa tu amerithi nakala mbili zenye kasoro, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja ni mbebaji na haumwi. Tuandike P kwa jeni nzima na p kwa yenye kasoro. Wazazi wawili wabebaji ni Pp na Pp. Uwezekano kwa kila mimba ni:

- PP: robo, mtoto mzima asiye mbebaji.
- Pp: nusu, mtoto mbebaji.
- pp: robo, mtoto mwenye ugonjwa.

Alama nyingi hupotea kwenye maneno "kila mimba". Mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, haimaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Kila mimba huanza hesabu upya.

Kumbuka pia kwamba wazazi wote wawili wamechangia, bila kujua. Hakuna aliyerogwa, hakuna aliyelaaniwa, na mama hana lawama ya peke yake. Katika jamii ambayo mama ndiye husimangwa mtoto anapozaliwa na ulemavu, mraba wa Punnett ni ushahidi wa kumtetea.

Ukubwani: afya ya akili na ujauzito

Zamani wagonjwa waliruhusiwa kuacha lishe maalumu wakishapita utotoni. Leo ushauri ni kuifuata maisha yote. Fenilalanini ikipanda ukubwani, mtu anaweza kushindwa kutulia na kumakinika, akawa na wasiwasi au sonona. Tumeshaona sababu: ubongo unakosa malighafi ya dopamini na serotonini. Ugonjwa wa akili unaweza kuwa na chanzo cha kikemia kinachopimika, kama ilivyo kwa kisukari. Asiambiwe mtu kwamba anadeka.

Mwanamke mwenye ugonjwa huu anayepata mimba bila kudhibiti lishe anaweza kuzaa mtoto mwenye kichwa kidogo, kasoro za moyo na ulemavu wa akili, hata kama mtoto huyo ni Pp na jeni zake zinatosha. Fenilalanini ya mama huvuka kondo la nyuma na kumdhuru. Linganisha watoto wawili: wa kwanza ni pp, amepimwa mapema na kupewa lishe sahihi, anasoma na kukua kama wenzake. Wa pili ni Pp, ana jeni nzima, lakini ameumia tumboni. Jeni ni sehemu ya maelezo, mazingira ni sehemu nyingine.

Zingatia

1. Mgonjwa haachi fenilalanini kabisa. Anahitaji kiasi kidogo kilichopimwa ili akue. Hata maziwa ya mama hutolewa kwa kipimo pamoja na maziwa maalumu.
2. Lishe haibadilishi jeni. Mgonjwa aliyetibiwa bado ni pp, na kila mtoto wake hurithi p moja kutoka kwake.
3. Baadhi ya soda zisizo na sukari zina aspatamu, ambayo ikimeng'enywa hutoa fenilalanini. Ndiyo maana lebo zake huwa na tahadhari.

Jipime

1. Eleza kwa nini mtoto mwenye fenilketonuria huzaliwa mzima lakini huathirika baada ya kuanza kunyonya. (Alama 4)
2. Wazazi wabebaji wana mtoto mmoja mgonjwa. Onyesha kwa mchoro uwezekano wa mtoto wa pili kuugua. (Alama 4)
3. Kwa nini kipimo cha Guthrie kilifaa zaidi kuliko kipimo cha mkojo? (Alama 2)
4. Rudi kwenye swali la mwanzo na ulijadili. (Alama 10)

Kwa swali la 4, usiishie kuandika "si kweli". Taja jeni, kimeng'enya, kinachorundikana, kiungo kinachoumia, na muda wa kuingilia kati. Kisha onyesha kwamba mtoto anaweza kurithi jeni yenye kasoro bila kupata ulemavu, mradi awepo mtu wa kumpima mapema na chakula cha kumpa. Mtahini anasubiri kuona kama umeitambua tofauti hiyo.