Msalaba wa Shaba Wasema Nini?

Mkiingia katika nyumba ya makumbusho ya Lubumbashi mtaona vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba. Mtoto aliyesoma katekisimu atasema mara: "Kumbe, wazee walimjua Kristu!" La, sivyo. Mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba hiyo na kuipa mikono minne zamani sana, kabla mmisionari wa kwanza hajafika.

Tuiulize basi, lakini tuiulize vema. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimbua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Katika makaburi ya tangu karne ya 13 hivi, misalaba ni michache na mikubwa, nayo huwekwa kifuani mwa marehemu. Katika yale ya baadaye imekuwa midogo, mingi, yenye kufanana, nayo imelazwa karibu na mikono au kiuno. Ndipo wataalamu walipofahamu kwamba kitu cha heshima kiligeuka polepole kuwa fedha ya kununulia. Habari kubwa namna hiyo, nayo haikuandikwa popote ila katika mahali pale shaba ilipolala!

Kwa hiyo nasikitika nionapo msalaba uliochimbuliwa kwa siri na kuuzwa kwa mpita njia. Uzito wake haukupungua. Lakini nani atatuambia ulikuwa kifuani au mkononi?

Mwalimu mwenzangu, ukisimama na darasa mbele ya kabati la kioo, usianze kutaja jina la kitu. Waulize watoto kwanza: kiliokotwa wapi, na kando yake palikuwa na nini?