Kofia Ndogo kwa Mtoto Aliyezaliwa Mapema: Wafumaji wa Salama Wanavyoweza Kusaidia

Mama wa Salama au Kiima Kiu akijifungua kabla ya miezi kutimia, adui wa kwanza wa mtoto huyo ni baridi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, ngozi yenyewe ni nyembamba, na akiba yake ya sukari ni kidogo. Akitoka tumboni akiwa amelowa, ndani ya chumba chenye dirisha wazi, msimu wa Julai vilima vya Kilungu vinapofunikwa na kibaridi, joto humtoka kwa dakika chache.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza joto la mtoto mchanga liwe kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5. Likiwa chini ya hapo, ameanza kupoa. Likishuka chini ya 32, maisha yake yamo hatarini. Shida ni kwamba mtoto huyu hatetemeki kama mtu mzima. Hunyamaza, hulegea na huacha kunyonya. Anayemtazama anaweza kusema kweli huyu ni mtoto mpole, kumbe anamaliza sukari na oksijeni aliyonayo akijaribu kujipasha joto.

Hapo ndipo kofia inapoingia. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kulinganisha na mwili wake, karibu sehemu moja kwa tano ya ngozi yote, na mara nyingi ndicho kinachoachwa wazi. Lakini si kila kofia inafaa. Tafiti zimeonyesha kwamba kofia ya kitambaa chepesi cha pamba haizuii sana joto kupotea, ilhali kofia nene ya sufu, au yenye kitambaa cha pili ndani, husaidia. Kofia iliyolowa nayo ni mbaya kuliko kukosa kofia. Mtoto akaushwe kwanza, kichwa kikiwemo, ndipo avishwe.

Hata hivyo, hakuna blanketi linaloshinda kifua cha mama. Huduma ya kangaruu ilianza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokosa mashine za joto za kutosha. Mtoto hulazwa wima kati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, kofia na soksi tu, kisha wote wawili hufungwa kwa leso na kufunikwa blanketi. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huduma hii ianze mara tu baada ya kuzaliwa na iendelee kati ya saa 8 na 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi. Mama akichoka au akiwa mgonjwa, baba au nyanya anaweza kumpokea. Mwanamume hapungukiwi na kitu kwa kumbeba mwanawe kifuani.

Kwa wakazi wa Salama, safari ndiyo sehemu ngumu. Mtoto mdogo sana huenda akahitaji kupelekwa hospitali ya Sultan Hamud, Kilungu au ya rufaa ya Wote, na katika gari ndimo wengi hupoa. Kofia nene, soksi na blanketi juu ya mtoto aliyefungwa kifuani mwa mzazi humwezesha kufika akiwa na joto lake. Mama mjamzito aliyeambiwa anaweza kujifungua mapema afadhali atie vitu hivyo mkobani mapema.

Mikono ya kufuma haijawahi kukosekana Ukambani. Kina mama wanaosuka kiondo huku wakizungumza, jicho likiwa kwingine, hawatashindwa na kofia ya jioni moja. Vikundi vya mwethya vinaweza kugawana kazi: mmoja anunue uzi, wengine wafume.

Uzi uwe laini, wa kustahimili kufuliwa kwa maji moto, kwa sababu hospitalini kila kitu hufuliwa hivyo. Sufu halisi ina joto zuri lakini hujikunja ikifuliwa kwa maji moto, kwa hiyo uzi wa akriliki wa sweta za watoto mara nyingi ndio unaofaa. Uzi wenye manyoya uachwe. Vifungo, utepe na kile kishada cha juu ya boshori viachwe pia, maana mtoto anaweza kunyongwa au kumeza. Blanketi lifumwe kwa mishono iliyokaribiana, kwani kidole cha mtoto huyu huingia kwenye tundu dogo sana na kukwama.

Kuhusu vipimo, kichwa cha mtoto wa wiki 28 huwa na mzunguko wa karibu sentimita 26, wa wiki 32 karibu 29, na wa wiki 36 karibu 33. Kofia ifumwe ndogo kidogo kuliko kichwa ili ivutike na kushika. Asiye na futi ajaribu ile ndogo kabisa kwenye chungwa kubwa. Kosa la wafumaji wengi ni kufuma kofia kubwa mno, ambayo humshukia mtoto machoni na puani.

Kabla ya kununua uzi, kikundi kiulize muuguzi msimamizi wa kitengo cha watoto wachanga ni nini kinachopungua. Mtoto aliye chini ya taa ya joto au anayetibiwa ugonjwa wa manjano kwa mwanga havishwi wala hafunikwi, kwa hiyo huenda wodi ikawa na mablanketi tele na kukosa kofia na soksi. Kazi iliyokamilika ifuliwe, ikaushwe kabisa na kutiwa kwenye mfuko safi uliofungwa, ukiandikwa nje idadi na vipimo, kisha ikabidhiwe muuguzi huyo mkononi.