Bojaxhiu (jina la ukoo)

Bojaxhiu (hutamkwa takriban "Boyajiu") ni jina la ukoo la Kialbania. Asili yake ni neno la Kituruki boyacı, yaani mtu ambaye kazi yake ni kutia rangi nyuzi na nguo, au kupaka rangi nyumba. Miongoni mwa Waalbania jina hili ni la nadra, lakini linajulikana duniani kote kwa sababu Mama Teresa wa Kolkata alizaliwa akiitwa Anjezë Gonxhe Bojaxhiu.

Kwa kuwa neno la msingi ni la Kituruki, na aliyelifanya jina lijulikane alikuwa mtawa Mkatoliki, mara nyingi watu huuliza kama ukoo huo ulikuwa wa Kituruki au wa Kiislamu. Jina lenyewe haliwezi kujibu swali hilo. Linaonyesha kazi ya babu fulani na lugha iliyotumika sokoni wakati wake. Halionyeshi dini yake wala kabila lake.

Maana na muundo

Jina lina sehemu tatu:

- boja kutoka Kituruki boya, "rangi ya kupaka au kutilia". Waalbania wameliingiza neno hili katika lugha yao kwa umbo la bojë.
- -xhi kutoka Kituruki -cı, kiambishi kinachotaja mtu kwa kazi yake.
- -u, kiambishi cha Kialbania kinachoonyesha kwamba anayetajwa ni mtu maalumu anayejulikana.

Kiswahili huunda majina ya watenda kazi kwa kutanguliza m-: shona, mshonaji, vua, mvuvi. Kituruki hufanya kinyume chake, kwa kuongeza kiambishi mwishoni. Irabu ya kiambishi hicho hubadilika kufuatana na irabu za neno (-cı, -ci, -cu, -cü), na c hugeuka kuwa ç baada ya konsonanti fulani. Hivyo demir "chuma" huzaa demirci "mhunzi", na saat "saa" huzaa saatçi "fundi saa".

Kiambishi -u cha mwisho hufuata sarufi ya Kialbania. Majina ya kiume yanayoishia kwa -i yenye mkazo hupokea -u: njeri ni "mtu", njeriu ni "yule mtu". Vivyo hivyo bojaxhi ni "mtia rangi" na bojaxhiu ni "yule mtia rangi". Ndiyo maana kuna koo zinazojiandika Bojaxhi na nyingine Bojaxhiu. Tofauti ni ya sarufi tu. Maana ni moja.

Neno bojaxhi bado linatumika katika Kialbania cha leo, hasa kwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Kiswahili hutofautisha kutia rangi (nguo, nyuzi) na kupaka rangi (ukuta, mlango), lakini neno la Kituruki huchukua maana zote mbili. Kwa hiyo jina peke yake haliwezi kuonyesha ni ipi kati ya kazi hizo aliyoifanya babu wa ukoo fulani.

Matamshi na tahajia

Alfabeti ya Kialbania inayotumika leo ilikubaliwa katika Kongamano la Manastir mnamo Novemba 1908. Ina herufi 36, na baadhi yake huandikwa kwa alama mbili. Msomaji wa Kiswahili atazitambua dh, th na sh, ambazo hutamkwa kama katika dhahabu, thelathini na shamba. Lakini j ya Kialbania hutamkwa kama y ya Kiswahili, na xh kama j ya Kiswahili. Kwa sababu hiyo Bojaxhiu husomwa "Boyajiu".

Tahajia hii huwasumbua wengi nje ya Albania na Kosovo. Katika maandishi ya Kisirili ya Kimasedonia na Kiserbia jina huandikwa Бојаџиу, na likirudishwa katika herufi za Kilatini kutoka huko huwa Bojadžiu. Mtu mmoja anaweza basi kuonekana katika nyaraka mbalimbali kwa tahajia mbili au tatu.

Historia

Kuanzia karne ya 15 hadi mwaka 1912, nchi za Waalbania zilikuwa sehemu ya Milki ya Osmani. Kwa muda mrefu watu wengi hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika. Sajili za kodi za Waosmani, kama ile ya wilaya ya Arvanid ya mwaka 1431-1432 na ile ya Shkodra ya mwaka 1485, ziliorodhesha wakuu wa kaya, mara nyingi kwa jina la mtu na la baba yake. Pale ambapo watu wawili waliitwa jina moja, jina la kijiji, la utani au la kazi lilisaidia kuwatofautisha.

Mijini mafundi walikusanyika katika vyama vya kazi vilivyoitwa esnaf. Wahunzi, washonaji, watengeneza ngozi, masonara na watia rangi kila kundi lilikuwa na taratibu zake na mara nyingi mtaa wake sokoni. Majina ya kazi yalikuwa ya Kituruki, au ya Kiarabu na Kiajemi yaliyopitia Kituruki, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya utawala na ya biashara kubwa. Fundi Mkristo aliitwa boyacı sawa na fundi Mwislamu. Jina la kazi likishikamana na mtu, wanawe na wajukuu waliweza kulirithi hata kama wao hawakuwahi kugusa rangi.

Kazi yenyewe ilikuwa na thamani kubwa. Nyekundu ing'aayo iliyopatikana kutokana na mizizi ya mmea Rubia tinctorum ilijulikana Ulaya kwa jina la mji wa Edirne, uliokuwa ukiitwa pia Adrianople. Mwishoni mwa karne ya 18, mji mdogo wa Ambelakia huko Thessalia ulitajirika kwa kuuza nje nyuzi za pamba zilizotiwa rangi hiyo. Rangi ya buluu ilitokana na nili.

Hali ilibadilika katika karne ya 19. Mwaka 1856 Mwingereza William Henry Perkin aligundua rangi ya zambarau ya kutengenezwa maabara, na mwaka 1868 Wajerumani Carl Graebe na Carl Liebermann walifaulu kutengeneza alizarini, kemikali inayoipa mizizi hiyo wekundu wake. Rangi za viwandani zilikuwa rahisi, na ufundi wa zamani ukapungua. Jina la kazi lilibaki kama jina la ukoo.

Majina ya asili moja nje ya Albania

Ingawa Bojaxhiu ni la nadra, neno boyacı limezaa majina ya ukoo karibu kila mahali Waosmani walipotawala. Kila lugha imeongeza viambishi vyake:

- Kituruki: Boyacı, na Boyacıoğlu "mwana wa mtia rangi". Nchini Uturuki kila raia alilazimika kuwa na jina la ukoo kwa sheria ya mwaka 1934.
- Kibulgaria: Boyadzhiev.
- Kimasedonia: Bojadžiev na Bojadžiski.
- Kibosnia na Kiserbia: Bojadžić.
- Kigiriki: Vogiatzis.
- Kiromania: Boiangiu.
- Kiarmenia: Boyajian au Boyadjian. Mwandishi Zabelle C. Boyajian (1873-1957), aliyezaliwa Diyarbakır, alikuwa pia mchoraji.

Wenye majina haya ni Waislamu, Waorthodoksi, Wakatoliki na wafuasi wa Kanisa la Kitume la Armenia. Hawana babu mmoja. Kinachowaunganisha ni kwamba mahali pengi, kwa nyakati tofauti, kulikuwa na fundi aliyeitwa kwa kazi ileile.

Majina mengine ya kazi miongoni mwa Waalbania

Bojaxhiu ni mfano mmoja wa kundi kubwa la majina ya ukoo ya Kialbania yaliyotokana na kazi:

- Demirxhiu: mhunzi.
- Kazanxhi: mtengeneza masufuria makubwa ya shaba. Mzizi huo umo katika jina la mwandishi Mgiriki Nikos Kazantzakis (1883-1957), na la mwongozaji wa filamu Elia Kazan, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1909 akiitwa Kazantzoglou.
- Terziu: mshonaji.
- Tabaku: mtengeneza ngozi.
- Hallvaxhiu: mtengeneza au muuza halua. Kiswahili na Kituruki vimelipata neno hili kutoka Kiarabu.
- Sahatçiu: fundi saa. Mwimbaji Rita Ora alizaliwa Prishtina mwaka 1990 akiitwa Rita Sahatçiu. Saat ya Kituruki na saa ya Kiswahili zote zimetokana na Kiarabu.

Kuna pia majina ya vyeo vya dini, kama Shehu, lenye asili moja na shehe, na Prifti, yaani "padri". Hoxha "mwalimu wa dini ya Kiislamu" limetokana na Kiajemi khwaja, neno ambalo pia limewapa jina Wakhoja wanaoishi Afrika Mashariki.

Uenezi na idadi

Hoxha ni miongoni mwa majina ya ukoo yanayopatikana zaidi Albania na Kosovo. Bojaxhiu haliko katika kundi hilo. Tofauti hiyo inaeleweka kwa kuangalia kazi zenyewe. Kila kijiji cha Waislamu kilihitaji mwalimu wa dini, na kwa hiyo jina Hoxha liliweza kuanza upya katika mamia ya vijiji bila uhusiano wa damu. Mtia rangi alikuwa fundi wa mjini. Miji ilikuwa michache, na katika kila mji mafundi wa kazi hiyo hawakuwa wengi. Zaidi ya hayo, Waalbania wengi waliishi milimani kama wakulima na wafugaji, na majina yao ya ukoo yalitokana na jina la babu, la kabila au la kijiji.

Hata hivyo uhaba wa jina hili unategemea pia namna ya kuhesabu. Orodha za majina hutungwa kutokana na sajili za raia, orodha za wapiga kura au vitabu vya simu, na huhesabu tahajia, si koo. Bojaxhi na Bojaxhiu huhesabiwa kama majina mawili. Mtu wa ukoo huohuo ambaye nyaraka zake ziliandikwa Yugoslavia kwa Bojadžiu huwa jina la tatu. Katika nchi za Yugoslavia ya zamani, baadhi ya majina ya Kialbania yaliongezewa pia miishio ya Kislavoni kama -ić, na hivyo kutoweka katika hesabu ya majina ya Kialbania. Orodha inayoonyesha kwamba jina ni la nadra husema ukweli kuhusu tahajia hiyo. Haisemi lolote kuhusu idadi ya wazao wa watia rangi.

Serikali nazo zimegusa majina. Mwaka 1975 utawala wa Kikomunisti wa Albania ulitoa amri iliyowataka raia wabadilishe majina yaliyohesabiwa kuwa hayafai kiitikadi. Shabaha kuu ilikuwa majina yenye sura ya kidini.

Familia ya Mama Teresa

Nikollë Bojaxhiu alikuwa mfanyabiashara Mualbania Mkatoliki aliyeishi Skopje, mji ambao Waosmani waliuita Üsküp. Familia yake huelezwa kuwa na asili ya Prizren, katika Kosovo ya leo. Hakuwa mtia rangi, na pamoja na jina lake lenye mzizi wa Kituruki alishiriki katika siasa za Waalbania waliotaka haki zao ndani ya Milki ya Osmani. Alifariki mwaka 1919.

Binti yake Anjezë Gonxhe alizaliwa tarehe 26 Agosti 1910. Jina Gonxhe, lenye maana ya "ua ambalo halijachanua", nalo lilifika katika Kialbania kutoka Kiajemi kwa njia ya Kituruki.

Historia ya familia hii inaonyesha jinsi jina la nadra linavyozidi kuwa la nadra. Mwaka 1928 Gonxhe aliondoka kwenda Eire kujiunga na masista wa Loreto, kisha akafika Uhindi mwaka 1929. Mwaka 1931 aliweka nadhiri na kuchukua jina la Teresa. Kaka yake Lazar alikuwa afisa katika jeshi la Mfalme Zog wa Albania na baadaye aliishi Italia hadi kifo chake mwaka 1981. Mama yao Dranafile na dada yao Aga walihamia Tirana, wakafariki huko mwaka 1972 na 1973. Teresa hakupata nafasi ya kuwaona tena, kwa kuwa Albania ilikuwa imefunga mipaka yake na mwaka 1967 ilijitangaza kuwa nchi isiyo na dini. Aliruhusiwa kuingia Albania mwaka 1989 tu.

Leo Albania, Kosovo na Masedonia Kaskazini zote humuenzi kama mtu wao. Kuna kumbukumbu yake Skopje, kanisa kuu lenye jina lake Prishtina, na uwanja wa ndege wa Tirana unaitwa Nënë Tereza. Katika mabishano kuhusu asili yake, jina Bojaxhiu hutajwa mara kwa mara kama ushahidi wa upande huu au ule, ingawa mzizi wake ungeweza kutumiwa na Mualbania, Mvlaki au Mturuki. Mwenyewe alijieleza kuwa Mualbania kwa damu na Mhindi kwa uraia.

Watu wenye jina hili

- Nikollë Bojaxhiu (alifariki 1919), mfanyabiashara wa Skopje
- Lazar Bojaxhiu (1908-1981), afisa wa jeshi
- Anjezë Gonxhe Bojaxhiu (1910-1997), yaani Mama Teresa wa Kolkata, mwanzilishi wa Wamisionari wa Upendo (1950), mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani (1979), aliyetangazwa mwenye heri mwaka 2003 na mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016