Je, Wajua? Sanduku la Kutoka Dubai

Je, wajua kwamba karafuu inayopimwa kwa gramu katika Soko la Viungo la Deira, mjini Dubai, huenda ilivuka bahari kutoka Pemba? Mzanzibari atakayerudi nayo nyumbani ndani ya pakiti yenye riboni ajiandae kuchekwa na shangazi zake. Dubai ni bandari kabla ya kuwa kitu kingine chochote: mzigo unashuka, mzigo unapanda, na katikati kuna duka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kitu kimetoka wapi. Jibu ndilo litakalokueleza kama bei ni ya haki.

Je, wajua kwamba udi hauoti Arabuni? Miti yake, jamii ya Aquilaria, ni ya Assam nchini India, Kambodia, Vietnam, Indonesia na majirani zao. Mti ukiwa na afya hauna harufu ya maana. Ni mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na kuvu, ndipo hujikinga kwa utomvu mweusi mzito, na kiini kilicholowa utomvu huo ndicho kinachofika chetezoni. Miti ya mwituni ilikatwa ovyo hadi Aquilaria malaccensis ikaingizwa mwaka 1995 katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na baadaye jamii nzima ikafuata. Kwa utaratibu wa mkataba huo, msafiri anaweza kubeba kwa matumizi yake hadi kilo 1 ya vipande na mililita 24 za mafuta bila kibali, ingawa nchi yoyote inaweza kukaza zaidi. Lakini mwenye uwezo wa kununua kilo nzima ya udi wa daraja la juu pengine ana mtu wa kumbebea sanduku.

Udi ulioshiba utomvu huzama majini, mwepesi huelea. Vipande vya bei ya chini mara nyingi vimepakwa rangi au kuchovywa katika mafuta, na harufu yake huja kwa kishindo ikakata mapema. Mwambie muuzaji akuchomee kimoja, kisha zunguka soko kidogo, halafu unuse mkono wa nguo yako. Kama mfuko hauruhusu, chukua buhuri, yaani vipande au unga wa miti uliochanganywa na mafuta, miski na sandali. Ni bei nafuu, kila nyumba ya pwani inajua matumizi yake, na sijaona bado mama mkwe aliyeikataa.

Je, wajua kwamba mafuta ya manukato huko bado hupimwa kwa tola? Ni kipimo cha kutoka Bara Hindi, gramu 11.66 hivi. Muuzaji anayekutajia bei ya “robo” anaweza kuwa na maana ya robo tola, kichupa ambacho utakitafuta kwenye kiganja chako mwenyewe.

Tola hiyohiyo ndiyo iliyoipa Dubai jina katika dhahabu. Miaka ya 1950 na 1960 majahazi yalitoka katika hori la Dubai yakiwa na vipande vya tola 10, gramu 116.64 kila kimoja, yakielekea pwani ya India, ambako uingizaji wa dhahabu ulikuwa umebanwa na serikali. Huko Dubai ilikuwa biashara halali kabisa. Uhalali uliishia karibu na Bombay.

Je, wajua kwamba katika Soko la Dhahabu la Deira bei ya gramu karibu haibishaniwi? Hutangazwa kila siku kwa kila karati, 24, 22, 21 na 18, na maduka huifuata. Unachopatana na sonara ni gharama ya ufundi, na hapo ndipo pa kukaza uso. Bangili iliyofumwa kwa mkono ina ufundi mwingi. Pete ya duara tupu iliyotoka mashineni ina kidogo. Anayejisifu kwamba kapunguziwa dhahabu yenyewe kapunguziwa ufundi, au alikuwa ameongezewa kwanza. Risiti nzuri hutenganisha mambo matatu: uzito, bei ya gramu ya siku hiyo, na ufundi. Kama kuna vito, uzito wake usihesabiwe kama dhahabu. Hili la mwisho limewaliza wengi.

Tafuta pia namba iliyogongwa ndani: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Na kuna jambo la kodi. Tangu Januari 1, 2018, Umoja wa Falme za Kiarabu hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na mapambo ya dhahabu yamo. Vipande vya kuwekeza vyenye usafi wa asilimia 99 au zaidi hutozwa sifuri. Ndiyo maana watu wengine hununua kipande kidogo cha karati 24 kwa ajili ya binti, kisha wakampelekea sonara wa nyumbani, Mombasa au Unguja, atengeneze anachojua binti atakivaa. Kwangu mimi huo ndio ununuzi wenye akili kuliko yote sokoni pale, ingawa haupendezi kwenye picha.

Dhahabu yenyewe nayo ina safari. Nyingi ya ile inayochimbwa na wachimbaji wadogo barani Afrika, ikiwamo ya mashariki mwa Kongo, huishia Dubai, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa jinsi inavyopitishwa kimagendo katika nchi jirani. Hereni unayoileta Bukavu huenda inarudi kwao.

Pete ya Najmat Taiba, inayoonyeshwa sokoni hapo, ina uzito wa karibu kilo 64 pamoja na vito vyake, na imo katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Ni ya karati 21. Kupiga nayo picha ni bure.

Je, wajua kwamba sarafu ya fedha yenye mwaka 1780 si lazima iwe ya kale? Hiyo ni reale ya malkia Maria Theresa, iliyotumika kuanzia Ethiopia hadi Zanzibar, na ambayo masonara wa Oman waliiyeyusha kutengenezea vikuku na mikufu. Baada ya malkia huyo kufa mwaka 1780, sarafu iliendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile, na Vienna wangali wanaitengeneza mpaka leo. Halisi ina gramu 28 na nukta kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 kwa 1,000. Muuzaji akikuonyesha tarehe kama ushahidi wa ukongwe, mshukuru, kisha uulize mizani.

Je, wajua kwamba lulu ndiyo iliyokuwa mafuta ya petroli kabla ya petroli? Miji ya Ghuba iliishi kwa kupiga mbizi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipoivunja biashara hiyo. Miongoni mwa wapiga mbizi walikuwamo watumwa wenye asili ya Afrika Mashariki. Vibao vya madukani havilisemi. Lulu nyingi za bei nafuu unazoziona leo ni za maji baridi kutoka China. Zisugue kidogo kwenye jino: yenye tabaka la lulu hukwaruza kama mchanga laini, ya plastiki huteleza. Lulu ya kufugwa nayo itakwaruza, kwa hiyo jino halikwambii kila kitu.

Zafarani? Ya Iran, karibu yote. Kilo 1 huhitaji maua yapatayo 150,000, kila ua likitoa nyuzi tatu tu. Tia uzi katika maji ya baridi: ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Maji yakigeuka mekundu papo hapo, umeuziwa rangi.

Shali ya “pashmina” ya dirhamu 20? Pashmina ni manyoya ya mbuzi wa nyanda za juu za Ladakh, na mbuzi huyo hafanyi kazi kwa dirhamu 20. Nunua kama umeipenda rangi yake, usimwambie bibi kwamba ni pashmina.

Kanzu nyeupe inayometa, ile ambayo wazee wa pwani huipapasa kwa vidole viwili kabla ya kusema neno? Kitambaa bora cha namna hiyo kwa miaka mingi kimetoka Japani, kwa wafumaji kama Toyobo.

Kikombe chenye picha ya Burj Khalifa, mita 828, kuna uwezekano mkubwa kilichomwa China. Kipo Deira, kipo Dragon Mart, lile jengo la biashara lenye urefu wa kilomita 1.2 lililojengwa kwa umbo la joka, na subiri kidogo utakikuta Kariakoo na Eastleigh, bei ikiwa imeshuka.

Sasa vya kwao wenyewe. Tende ni zao la nchi kweli, hasa za Liwa na Al Ain. Khalas ni laini, tamu ya kukaribia asali. Fardh ni nyeusi zaidi na hustahimili safari. Ajwa ni ya Madina, ambayo ni nzuri, lakini si ya Dubai, na bei yake hupandishwa kwa heshima ya jina. Julai na Agosti ni msimu wa tende mbichi laini. Hizo hupondeka, zishike mkononi.

Ubani nao hutoka jirani, Dhofar nchini Oman, ambako maeneo yake yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Daraja linalosifiwa zaidi ni Hojari, punje kubwa zinazoangaza, nyeupe au zenye ukijani. Mwingine mwingi madukani ni wa Somalia, na hauna kosa lolote. Kosa ni kuuziwa kwa bei ya Hojari.

Na chokoleti, je? Kakao haioti jangwani, ila wazo ni la Dubai. Sarah Hamouda alianzisha kampuni ya Fix mwaka 2021 baada ya hamu za ujauzito kumtuma atafute chokoleti yenye pistachio na nyuzi za kunafa. Video moja ya TikTok ya Desemba 2023 ikaieneza duniani. Nyingi unazoziona uwanja wa ndege ni za waigaji. Kabla yake, tangu 2008, Al Nassma walikuwa wakitengeneza chokoleti ya maziwa ya ngamia, na kama unataka kumshangaza mtu aliyekwisha kuona kila kitu, ningechukua hiyo. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, hivyo vyote viwili vinunuliwe mwishoni.

Sarafu ya dirhamu 1 ina picha ya dele la kahawa. Ndiyo pia nauli ya kuvuka hori kwa mashua ya abra, kutoka Deira hadi Bur Dubai. Weka akiba tatu nne kwa watoto.

Je, wajua kwamba kodi ile ya asilimia 5 hurudishwa kwa mtalii? Utaratibu ulianza Novemba 2018. Duka liwe limejiunga, ununuzi ufike dirhamu 250, uonyeshe pasipoti, na uhakikishiwe uwanja wa ndege kabla sanduku halijapokelewa, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona bidhaa. Utaratibu ulipoanza, mtalii alirudishiwa asilimia 85 ya kodi, ikikatwa ada ya dirhamu 4.80 kwa kila hati. Kwa hesabu hiyo, bidhaa ya dirhamu 1,000 kabla ya kodi ilirudisha 37.70, yaani chai na sambusa kwa bei za uwanja wa ndege.

Marashi ya zaidi ya mililita 100 hayaingii nawe ndani ya ndege kwenye begi la mkononi. Katika sanduku la chini, kila chupa isizidi nusu lita na jumla isizidi lita 2. Jambia la mapambo liende huko chini pia, bila mjadala.

Na mifuko ya plastiki? Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Dubai yenyewe ilianza kutoza filsi 25 kwa mfuko Julai 2022, ikaipiga marufuku 2024. Vitu vilivyofungashwa kiwandani havisumbuliwi. Kinachochukuliwa ukifika nyumbani ni ule mfuko uliofungia kiatu au kubebea tende. Mwambie muuzaji akupe boksi la karatasi ngumu.