Maumivu Sugu: Kazi Ipimwe kwa Daftari

Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo yamhusu hasa mtu aishiye na maumivu ya mgongo, magoti au mabega yaliyopita miezi mitatu bila kuondoka. Wataalamu huyaita maumivu sugu. Hayaonekani kwa macho, na mara nyingi hata picha ya eksirei haiyaonyeshi. Kwa sababu hiyo mgonjwa huhukumiwa kwa kazi zake. Mama akilima Jumatatu tangu alfajiri hadi adhuhuri, jamaa husema amekwisha pona. Akilala Jumanne na Jumatano, husema ni mvivu. Hukumu zote mbili zina makosa, na huleta ugomvi nyumbani.

Tatizo hili si la wachache. Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Aliyefungua njia ya kupima mwenendo wa wagonjwa hao ni Wilbert Fordyce, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1976. Badala ya kuwauliza wagonjwa tu wanaumwa kiasi gani, aliwataka waandike kila siku saa walizokaa, saa walizosimama au kutembea, na saa walizolala. Alitambua kwamba mtu akifanya kazi mpaka maumivu yamshinde, kisha ndipo apumzike, mapumziko huwa kama tuzo la maumivu. Polepole maumivu huwa ndiyo msimamizi wa siku nzima. Fordyce alifundisha kwamba kazi ikome kwa kipimo kilichowekwa mapema, wala isingoje maumivu yatoe amri.

Baadaye wataalamu wa Kanada, miongoni mwao Douglas Cane na Warren Nielson, walitunga hojaji ya kupima mazoea hayo, na mwaka 2013 wakaeleza matokeo yake. Hojaji hiyo ina kauli 30, na kila kauli hujibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 4. Kauli hizo hupima mazoea ya namna tatu. La kwanza ni kuepuka: mtu huacha kazi kwa hofu ya kuumia. La pili ni kujikalifisha: hujikaza mpaka kazi iishe, kisha huanguka. La tatu ni kujipimia: huigawa kazi na kupumzika kabla ya kuzidiwa.

Mazoea mawili ya kwanza huonekana kuwa kinyume, lakini mara nyingi hukaa katika mtu mmoja. Siku njema hujikalifisha ili alipe deni la siku mbaya. Kesho yake mwili humkatalia, naye huingiwa na hofu. Misuli isiyotumiwa hulegea, na kazi iliyokuwa nyepesi mwezi uliopita sasa humuumiza. Hivyo ndivyo mtu apotezavyo shamba lake kidogo kidogo, bila kujua ni siku gani hasa alilipoteza.

Mwenendo huo waweza kugunduliwa nyumbani kwa daftari la mtoto wa shule. Kila jioni, kwa muda wa majuma mawili, mgonjwa huandika mambo matatu: kazi alizofanya na kiasi chake, muda aliolala mchana, na maumivu yake, kuanzia 0, yaani hakuna, hadi 10, yaani makali kupita yote. Asiyejua kuandika aweza kusaidiwa na mtoto. Asiye na saa aweza kuhesabu matuta au ndoo za maji. Mwishoni, kurasa zitaonyesha kama kila siku ya kazi nyingi hufuatwa na siku za kulala.

Mfano ni mama aliyelima matuta 6 siku ya kwanza, 4 siku ya pili, na 8 siku ya tatu, kila mara akikomeshwa na maumivu. Wastani wake ni matuta 6. Huyo aanze na matuta 5, apumzike, kisha ashike kazi nyingine ya kukaa, kama kuchambua maharagwe. Siku njema asizidishe matuta 5. Siku mbaya ya kawaida ajitahidi kuyafikia. Baada ya juma moja, akiwa ameyamudu, aongeze tuta moja. Maumivu huenda yasiondoke, lakini kazi itaongezeka, na siku za kitandani zitapungua.

Hata hivyo daftari si badala ya mganga. Mgonjwa mwenye homa, aliyekonda bila sababu, aliyeumia kwa kuanguka, ambaye miguu inamlegea, anayehisi ganzi mapajani kwa ndani, au asiyeweza kuzuia haja, apelekwe hospitali bila kukawia. Wengine nao waonwe kwanza kwenye zahanati, ili chanzo kitafutwe. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya mgongo unataja elimu na mazoezi miongoni mwa misaada ifaayo.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mume aonaye matuta 5 ya jana, matuta 5 ya leo na ndoo 2 za maji, hana tena sababu ya kumwita mkewe mvivu, wala ya kumdai alime shamba zima kwa kuwa leo ameamka akicheka. Ajua kipimo cha siku, na ajua ndoo zilizobaki ni za nani kuzibeba.